Wifi Alivyoishusha Pikipiki ya Kaka Yake

Watu wa mtaani kwetu wanamwita wifi yangu Nusu Mita. Ni mshonaji, tena ni mfupi, kwa hiyo jina lilimkaa siku ile ile lilipotamkwa na halikumtoka tena. Yeye mwenyewe halimuudhi. Mteja akifika akauliza, "Nusu Mita yupo?", anajibu kutoka nyuma ya cherehani, "Yupo, ila inama kidogo umwone." Mimi ndiye niliyekuwa nikiudhika kwa niaba yake, halafu nikishamaliza kuwaudhikia watu naanza kuudhika naye yeye mwenyewe, kwa sababu zangu.

Sababu yenyewe ni kwamba alihamia kwetu. Mume wangu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukalegea, mkono na mguu, huyu dada yake alirudisha funguo za chumba alichokuwa amepanga, akaja na cherehani, begi moja la nguo na majora ya vitambaa yasiyo na idadi. Hakuniuliza. Alisimama getini akasema, "Wifi, hamjambo? Nimekuja kukisaidia kile chumba cha nyuma kujaa." Nikamwambia karibu kwa mdomo. Moyoni nilisema, huyu amekuja kunihesabia vijiko. Aliyewahi kukaa na wifi nyumba moja atanielewa, na ambaye hajawahi sijui nimpongeze au nimwonee huruma. Siku hizi nadhani nimwonee huruma.

Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu. Si haya ya majumbani, bali yale ya zahanati, yanayotunza chanjo. Jokofu likigoma kwenye zahanati ya mbali, yeye ndiye aliyepigiwa simu, na alikwenda kwa pikipiki yake kubwa ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni yaliyojaa spana. Alikuwa akirudi baada ya siku kadhaa, uso mzima vumbi isipokuwa pale miwani ilipokaa. Ile pikipiki niliichukia kwa sababu ilimchukua, nikaipenda kwa sababu kila mara ilimrudisha.

Baada ya kiharusi ilibaki kwenye kibanda cha uani, imefunikwa shuka kuukuu. Yeye alijifunza kutembea kwa mkongojo, kutoka kitandani hadi barazani, kutoka barazani hadi bafuni, na dunia yake ikaishia hapo. Mara ya kwanza tulipompeleka hospitali kwa mazoezi ya mguu, wanaume wawili ilibidi wambebe kumwingiza kwenye teksi. Mguu ukakwama mlangoni. Mtaa mzima umesimama unatazama, huyu anasema "kunja goti", yule anasema "hapana, mlaze kwanza", na yeye katikati, mtu mzima aliyezoea kuitwa na kusubiriwa, anageuzwageuzwa kama kabati. Tuliporudi aliketi kwenye kiti chake cha barazani akasema hatoki tena.

Tulidhani ni hasira za siku moja, lakini ukaingia mwaka wa pili. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akija nyumbani mara chache alizoweza, na kila akija alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, asipopatikana wa kumtoa hapa, ule mguu utalala moja kwa moja, na mwenyewe ataufuata." Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilibembeleza, nililia, nilifoka, maana kufoka ndicho kipaji nilichojaliwa. Alinijibu kwa upole, "Sawa, mke wangu, tutaona." Ule upole ndio ulionitisha. Angenitukana ningelala usingizi.

Basi siku moja wifi alitoka chumbani kwake, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akavuka uwanja hadi kibandani, akaivuta ile shuka.

"Kaka," alisema kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani, "nataka kuitumia hii."

"Kuitumia kwa nini?" mume wangu aliuliza kutoka barazani. "Kuanikia nguo?"

"Kupelekea wateja nguo zao. Kile kipikipiki changu kimechoka."

"Hii miguu yako haifiki chini, mdogo wangu."

"Ndiyo maana nataka ishushwe. Ishushwe nyuma, mpaka nifike."

Nilikuwa nachambua mchele. Damu ikanipanda kichwani. Chumba amechukua, sasa anataka na pikipiki ya mgonjwa! Nikaweka ungo chini nikasema, "Wifi, mwenyewe hajafa."

Akanitazama bila kukunja uso. "Ndiyo maana namwomba yeye, simwombi mtu mwingine."

Nikauokota ungo wangu. Mume wangu aliinamisha macho kwenye mkongojo wake, nikajua anakataa. Kumbe alikuwa anafikiria. Mwishowe akasema, "Haitoki kwenye uwanja huu. Fundi atakuja hapa hapa, mbele ya macho yangu. Sitaki mtu aende kuitoboatoboa huko nisikoona."

Majirani walipopata habari walivunjika mbavu. Nusu Mita anakata pikipiki miguu! Mmoja alimuuliza kama ataitia na pindo. Wifi alicheka nao akasema pindo ataitia, tena kwa uzi mweusi usionekane.

Aliyekuja ni Fundi Subiri. Anaitwa hivyo kwa sababu ukimpigia simu kuuliza pikipiki yako, neno lake ni hilo moja. Ni mtu mnene, mchangamfu, vifaa vyake anavibeba kwenye ndoo. Aliniona nimesimama nimefunga mikono kifuani, akaona anieleze kabla sijaanza.

"Mama, tazama hapa. Gurudumu la nyuma linashikwa na huu mkono wa chuma. Juu yake kuna shokapu, hii yenye springi, ndiyo inayomeza mashimo ya barabara. Sasa kati ya shokapu na mkono kuna hivi vyuma viwili vifupi. Tukivitoa tukaweka virefu zaidi, mgongo wa pikipiki unateremka, na kiti kinateremka nao."

"Na mbele je?"

"Mbele nako tunateremsha kidogo, isije ikakaa kama mbwa aliyechutama. Ukishusha nyuma peke yake, usukani unakuwa mvivu, kona hazikubali."

Wifi akamkabidhi utepe mwekundu, kipande kilichobaki kwenye sare za shule alizokuwa akishona. "Fundi, kiti kisizidi hapa kutoka chini. Hasa hapa nyuma."

Fundi Subiri akaunyoosha utepe, akaukanyaga ncha moja, akamtazama wifi juu hadi chini, safari isiyo ndefu. "Dada, hata wewe si mfupi hivi."

"Fanya kazi, fundi."

"Nimeshajua kosa lako! Umejipima kishonaji. Umejipima suruali. Suruali inaishia juu ya kiatu, dada, lakini mwendesha pikipiki anaishia chini ya soli. Umejipunja."

Tulicheka sote, hata mume wangu aliachia tabasamu la upande mmoja, lile alilobakiwa nalo. Nilimcheka wifi kwa raha kabisa, kwa sababu mtu mwenye kujua vipimo vya mtaa mzima kukosea cha mguu wake mwenyewe ni jambo la kusimuliwa sokoni. Yeye akasema tu, "Utepe ni huo huo. Ufuate."

Kazi ikaanza. Pikipiki ikainuliwa kwa jeki na gogo chini ya injini, gurudumu la nyuma likaning'inia. Bolti za vile vyuma vifupi zilikuwa zimeshika kutu kwa kukaa, na moja ikagoma kabisa. Fundi Subiri akashika nyundo.

"Wee!" Sauti ilitoka barazani. "Usipige nyuzi za bolti! Rudishia nati kwanza, ije usawa wa ncha, upige nati!"

"Subiri, mzee, najua..."

"Sisubiri! Bolti yangu hiyo!"

Nilikuwa jikoni. Mwiko ulibaki hewani mkononi mwangu. Ile sauti sikuwa nimeisikia tangu kabla ya kiharusi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nayo ilikuwa upande wa kulia. Nikasimama pale nikimsikiliza mume wangu akimgombeza mtu, nikaona chakula kikiungua na sikujali. Asante Mungu kwa bolti yenye kutu, nilisema, na nilimaanisha.

Jioni kazi ya nyuma ikawa tayari. Fundi Subiri alitoa jeki, akaisimamisha pikipiki kwa stendi yake ya pembeni, akajipangusa mikono na kutuita tuje tushangilie. Ilikuwa kweli imeshuka. Kilichokuwa hakijashuka ni stendi. Ilibaki na urefu wake wa zamani, ikawa sasa inaisukuma pikipiki isimame wima badala ya kuegemea. Fundi aligeuka kuokota spana, na nyuma yake pikipiki ikawaza kidogo, kisha ikaanguka upande wa pili, juu ya beseni langu la mashuka yaliyokwisha kusuuzwa.

Nilimpa Fundi Subiri vidonge vyake. Nilimtaja yeye, ndoo yake, na mafundi wote waliomfundisha. "Subiri, mama, subiri," alikuwa akisema huku akiinua pikipiki, na kila akisema ndivyo nilivyozidi kuwaka. Halafu nikasikia kitu nyuma yangu, nikageuka. Mume wangu alikuwa anacheka. Anacheka mpaka mkongojo umemponyoka, machozi yanamtiririka. "Stendi!" alisema. "Umesahau kukata stendi, bwana wee!" Nikalirudisha shuka langu lenye oili kwenye beseni, nikachota maji mengine.

Stendi ilikwenda kukatwa na kuchomelewa gereji, ikarudi fupi, na mbele nako kukateremshwa. Kisha ikaja siku ya majaribio. Wifi aliketi mbele, Fundi Subiri akapanda nyuma kuwa mzigo, wakatoka getini, na pale pale kwenye tuta la kizingiti tukasikia tairi likisaga. Harufu ya mpira ikajaa. Fundi akashuka, akachungulia chini ya madigadi, kifuniko cha tairi, akatoka na kidole cheusi.

"Imeshuka mno. Akikaa mtu nyuma, tairi linakula madigadi. Nilisema mimi kile kipimo ni cha suruali! Turudishe juu vidole viwili. Vile vyuma nimevitoboa matundu mawili, ni kuhamisha bolti tu. Wewe bado utafika chini, dada. Ona, hata sasa umekunja magoti."

Kweli alikuwa amekunja magoti, nyayo zote mbili zimelala chini.

"Hapana," wifi akasema.

"Dada, litapasuka tairi njiani."

"Nimesema hapana. Hairudi juu." Akashuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Fundi Subiri akanigeukia. "Mama, huyu wifi yako ana kichwa cha chuma."

Nilikuwa nikilisubiri neno hilo. Nikamfuata wifi hadi kwenye kile chumba cha nyuma nikiwa nimejaza bunduki. Chumba chenyewe ni kidogo, kitanda upande mmoja, cherehani chini ya dirisha, majora yamesimamishwa ukutani, sare za shule zisizo na mikono zimening'inia kwenye msumari. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mkasi mkononi, hakati chochote.

"Wifi, usituchoshe," nilianza. "Fundi amesema utafika chini. Unataka iburute tumbo ili iweje?"

"Funga mlango kwanza."

Nikafunga.

"Ule utepe si wangu," akasema. "Ni wa kaka."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. "Unakumbuka ile suruali niliyomshonea? Nilimwambia nataka kuona kama inabana kwenye paja, ainue mguu mbovu auweke juu ya jora, pale barazani. Akaushika kwa mkono mzima, hapa kwenye goti, akauvuta na suruali, ukapanda. Nikaweka jora la pili. Ukapanda. Nikaweka la tatu, ukashindwa. Nikaona mwisho wake ni wapi, nikaongeza na kimo cha baraza lenyewe, ndipo nikakata utepe."

"Pikipiki ikisimama ubavu kwa ubavu na baraza," alisema, "sanduku la upande huo likiwa limetolewa, na kiti kikiwa pale utepe unapokomea, kaka anapanda mwenyewe, wifi. Habebwi na mtu. Ikizidi vidole viwili, hapandi."

"Na wewe? Miguu yako?"

"Mimi naiendesha hata ilivyokuwa juu. Zile wiki mlizokuwa hospitali, ulidhani nani alikuwa anaitembeza isife betri? Naegemeza nyonga, naweka mguu mmoja chini, basi."

"Sasa mtaa mzima unakucheka, wifi. Mimi mwenyewe nimekucheka."

"Wacheke tu ufupi wangu. Wakiwa wananiangalia mimi, hawauangalii mguu wake."

Nilikaa juu ya majora yake, kitu asichoruhusu mtu kufanya, na hakunikataza. Nililia. Sikulia kwa aibu, ingawa aibu nilikuwa nayo ya kutosha. Nililia kwa sababu kwa muda wote ule nilikuwa nimedhani mzigo wa yule mtu nimeubeba peke yangu, na kumbe chumba cha nyuma kulikuwa na mtu anapima, anafikiri, anakata utepe.

"Mbona hukuniambia?"

"Wifi, wewe ukijua jambo, uso wako unalitangaza kabla ya mdomo."

Nikajifuta uso huo kwa kanga. Halafu, sijui lilitoka wapi, nikasema, "Lakini kiti si sponji? Chuma kikipanda vidole viwili, wewe kata sponji vidole viwili."

Aliutazama mkasi mkononi mwake. Kisha akajipiga kofi la paji la uso. Mshonaji mzima, aliyeshonea watu makochi, siku zote hizo alikuwa akiwaza vyuma tu! Tulicheka kwa kujibana, mikono mdomoni, maana mwenyewe alikuwa barazani.

Fundi Subiri alihamisha bolti kwenye tundu la pili, na nyuma ikapanda kiasi. "Na ukaze springi ya shokapu!" mume wangu aliagiza. "Dada yangu ataweka mizigo nyuma, ikilegea tairi litagusa tena!" Fundi akaikaza, na safari hii hakusema subiri. Wifi naye akaking'oa kiti, akakivua ngozi, akatoa pini moja moja kwa bisibisi. Alichukua kisu changu cha mkate bila kuomba. Alikata sponji kwa mteremko, kidogo kidogo, akiweka, akipima kwa utepe, akikata tena, vipande vya njano vikitapakaa baraza zima nami nikifagia bila kunung'unika. Halafu akashona ngozi mpya kwa mshono wa mara mbili. Mume wangu alimuuliza kwa nini anahangaika hivyo na sehemu ya nyuma wakati yeye anakaa mbele. "Mzigo usiteleze," alimjibu.

Siku aliyomaliza, aliiegesha pikipiki kando ya baraza, ubavu kwa ubavu. Mimi niliamriwa kukaa jikoni na uso wangu. Nilikaa, lakini dirisha la jikoni lina pazia, na pazia lina upenyo.

Wifi alipanda, akawasha injini, akaanza kuyumba. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, akapiga ukelele. Getini majirani walishajaa. "Nusu Mita, tukuletee ngazi?" mmoja alisema, wakaangua kicheko.

"Kaka! Inanishinda!"

"Inakushindaje wakati imeshushwa?"

"Nyuma ni nyepesi mno! Nikiwa peke yangu inanyanyuka, miguu inapoteza chini. Inataka uzito."

"Mwite wifi yako apande."

"Wifi? Wifi atanifokea sikioni mpaka niingie mtaroni!"

Nikauma pazia nisijibu.

Mume wangu alitazama springi, akatazama kiti, akatazama mdogo wake anayeyumba. Wale wa getini walikuwa bado wanacheka. Akawageukia akafoka, "Nyamazeni huko! Mnadhani ni rahisi? Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuishika mashine hii?" Wakanyamaza. Nikasikia mkongojo ukigonga sakafu, ukigonga, mpaka ukafika ukingo wa baraza. Akauegemeza ukutani, ukasimama.

Akashika bega la wifi kuweka mizani yake sawa. Kisha akaliachia, akaikamata suruali kwenye goti la mguu mbovu, akavuta. Mguu ulipanda, ukafika kwenye ukingo wa kiti, ukagonga, ukarudi chini. Wifi hakugeuka. Alikuwa anarekebisha kioo cha pembeni, anakipangusa kwa ukucha, kana kwamba hapakuwa na kazi nyingine duniani. Mume wangu akavuta pumzi, akavuta na mguu, mara hii kwa hasira, na ukavuka. Ukateleza juu ya ile ngozi mpya, ukashuka upande wa pili. Akaketi. Akaushusha mguu mahali pa kukanyagia kwa mkono wake mwenyewe.

Pikipiki ilishuka kidogo ikatulia. Wifi akaacha kuyumba.

"Unaona?" alisema mume wangu. "Ilikuwa inataka uzito. Haya, twende, na usiachie klachi kwa pupa."

Walipita getini, juu ya tuta la kizingiti, na Fundi Subiri aliyekuwa ameinama kusikiliza tairi aliinua kidole gumba. Halikugusa. Nyuma yao majirani waliendelea na maneno yao: leo Nusu Mita kapata jiwe la kumkalisha chini. Hakuna aliyesema neno juu ya mguu. Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni nikashukuru kwa sauti, nikimtaja kila mmoja, Mungu kwanza, halafu wifi, halafu Fundi Subiri na ndoo yake ambayo niliitukana.

Walikaa huko mpaka nikaanza kuwaza mabaya. Waliporudi, uso wa mume wangu ulikuwa vumbi tupu na alikuwa katikati ya kumgombeza mdogo wake kuhusu gia. Wiki hiyo hiyo alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akakutana na mtaalamu wake ambaye alikuja kumpokea nje akisema haamini macho yake. Mguu haujapona, na sitadanganya kwamba utapona wote. Lakini unafanya kazi kila siku, maana siku hizi hata gauni moja la mtaa wa pili haliendi bila watu wawili. Ukweli wa utepe hatujamwambia. Wifi hapendi kushukuriwa. Nilipojaribu, aliniambia nimletee kisu kikali zaidi kuliko kile, basi. Nilimletea.

Jana asubuhi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mume wangu nikimvika soksi ya mguu wa kulia, polepole nisimuumize, akanipigapiga begani kwa mkono mzima.

"Mke wangu, fanya haraka, mbona unanichelewesha? Yule mtoto anayo nguo ya kupeleka, na peke yake hawezi. Ataanguka."

Niliinua macho. Mlangoni nilimwona wifi ameshakaa kwenye pikipiki kando ya baraza, injini inanguruma, nyayo zote mbili zimelala chini, wala hatikisiki. Alikuwa anamngoja.

"Naharakisha, baba," nikamwambia, nikamfunga kamba za viatu.